Duara Kwenye Gozi, Rangi Kwenye Stripu: Tunavyoviamini Mno Vipimo vya Kando ya Kitanda

Mheshimiwa mwenyekiti, wauguzi, matabibu na madaktari wenzangu, na ninyi wanafunzi ambao muda si mrefu mtaachiwa wodi usiku kucha mkiwa wawili tu: asanteni kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nizungumzie vipimo vidogo tunavyovifanya kando ya kitanda pale tunaposhuku kwamba maji ya ubongo na uti wa mgongo yanavuja puani au sikioni. Sitawazungusha. Duara tunaloliona kwenye gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, damu na majimaji vikidondokea juu yake, na rangi inayogeuka kwenye stripu ya sukari, kile kijikaratasi cha kuchovya ili kupima sukari, havina uwezo wa kutuambia kama mgonjwa anavuja au havuji. Vinaweza kututia wasiwasi, na hilo si baya. Kututoa wasiwasi haviwezi, na hapo ndipo wagonjwa wetu wanapoumia, kwa sababu tumezoea kuvitumia kwa kazi hiyohiyo.

Tuanze na maji yenyewe. Mtu mzima ana takriban mililita 150 za maji haya, na mwili wake hutengeneza kama mililita 500 kwa siku. Maana yake ni kwamba maji yote hubadilishwa zaidi ya mara tatu kila siku. Mtu anaweza kuvuja wiki nzima, hata miezi, akaendelea na shughuli zake huku akilalamika kuumwa kichwa na pua isiyokauka. Kwa hiyo tusisubiri azidiwe ndipo tuamini. Kinachotisha hapa ni njia. Maji yakipata pa kutokea, bakteria wanaoishi puani wamepata pa kuingilia, na wa kwanza katika orodha ni pneumokoki. Homa ya uti wa mgongo inaweza kuja baada ya siku chache, au ikaja baada ya miaka, wakati mgonjwa mwenyewe ameshasahau kwamba aliwahi kuanguka. Mtu mzima anayelazwa kwa homa ya uti wa mgongo mara ya pili atafutiwe tundu, hata kama pua yake imekauka siku hiyo.

Wengi wanaovuja wameumia kichwa. Wanaoanza kuvuja baada ya ajali huanza zaidi ndani ya saa 48, na karibu wote ndani ya miezi 3. Wapo wanaochelewa kwa sababu damu iliyoganda ilikuwa imeziba ufa, au uvimbe ulikuwa umeubana. Damu ikiyeyuka na uvimbe ukipungua, tundu linafunguka. Wengine huvuja baada ya upasuaji wa sainasi, yaani mianya iliyo ndani ya mifupa ya uso kuzunguka pua, au wa tezi iliyo chini ya ubongo. Na lipo kundi la tatu ambalo hatulifikirii vya kutosha: wanaovuja wenyewe tu, bila ajali wala kisu. Mara nyingi ni wanawake wa umri wa kati, wenye uzito mkubwa, ambao shinikizo ndani ya fuvu limepanda polepole hadi mfupa mwembamba wa kitako cha fuvu ukatoboka. Hawa hupewa dawa za aleji mwezi hadi mwezi. Nitawarudia.

Sasa tazameni trei hii mezani. Nina vipande vinne vya gozi, kila kimoja kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha kitu, kwa hiyo mnaweza kuvipitisha mkono kwa mkono bila hofu. Damu iliyotumika ni yangu, nimechomwa asubuhi ya leo. Kwenye kipande cha kwanza nimedondosha damu peke yake. Kwenye cha pili, damu iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ya chumvi ya dripu. Cha tatu, damu na maji ya bomba. Cha nne, damu na kamasi nyepesi ya mtu mwenye mafua.

Kipande cha kwanza kina doa moja jekundu, basi. Vitatu vilivyobaki, angalieni kwa makini: katikati pana wekundu uliokolea, na pembeni pana mzunguko mpana, mweupe unaoelekea waridi, wenye ukingo unaoonekana wazi. Ndilo duara lile tulilofundishwa kwamba ni alama ya maji ya ubongo. Katika gozi hizi hakuna hata tone moja la maji ya ubongo.

Sababu yake ni rahisi. Chembe za damu ni nzito na kubwa, zinanaswa na nyuzi za kitambaa karibu na pale zilipoangukia. Maji mepesi yanasafiri na nyuzi hadi mbali. Duara linatuambia kwamba damu imechanganyika na kitu chepesi kuliko damu. Kitu hicho ni nini, gozi haijui. Kinaweza kuwa machozi, kamasi, maji ya chumvi tuliyomsafishia kidonda dakika kumi zilizopita, au mate.

Haya si mapya. Mwaka 1993 watafiti Dula na Fales walichapisha jaribio ambalo kila mmoja wetu anaweza kulirudia: walichanganya damu na maji ya ubongo, na maji ya kawaida, na maji ya chumvi, na majimaji ya pua, wakadondosha. Yote yalitoa duara. Waliona pia jambo la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Hata kwa maji halisi ya ubongo, duara lilionekana pale tu mchanganyiko ulipokuwa na maji hayo kati ya asilimia 30 na 90 hivi. Damu ikizidi sana, duara halitoki. Maji yakizidi sana, halitoki pia. Kwa hiyo mgonjwa anayevuja maji maangavu yasiyo na damu, ambaye tundu lake limeshatulia na sasa linatiririka vizuri, hatatoa duara lolote. Na yule anayetokwa damu nyingi sikioni huku maji yakiwa yamejificha ndani yake, naye hatatoa. Nani kati yetu anayejua, usiku wa manane, kwamba mgonjwa wake yuko ndani ya asilimia hizo?

Niseme basi msimamo wangu kuhusu duara, maana najua swali litakuja. Silifukuzi. Linajitokeza lenyewe kwenye foronya na kwenye bandeji, halina gharama, na muuguzi anayeliona asubuhi akamwita daktari amefanya kazi yake vizuri sana. Ninachokataa ni sentensi ile inayofuata kwenye faili: "Hakuna duara, havuji."

Stripu ya sukari ni habari nyingine, na huko nitakuwa mkali zaidi.

Wazo la stripu lina mantiki ukilisikia mara ya kwanza. Maji ya ubongo yana sukari, kwa kawaida kama theluthi mbili ya ile iliyo kwenye damu. Kamasi haina sukari, au ndivyo tulivyodhani. Basi chovya stripu, ikigeuka rangi, ni maji ya ubongo. Tatizo ni kwamba nusu ya pili ya hoja haishiki. Tangu miaka ya 1960 na 1970 watafiti walikwisha kuonyesha kwamba stripu hizi hugeuka rangi kwa majimaji ya pua ya watu wengi wasiovuja kabisa, watoto kwa wakubwa. Machozi yana sukari kidogo, na machozi humwagikia puani. Pua iliyowaka kwa mafua ya virusi inaweza kuwa na sukari. Pua ya mwenye kisukari ambaye sukari yake imepanda inaweza kuwa nayo. Na damu, hata kidogo, ina sukari kuliko maji ya ubongo yenyewe. Fikirieni mgonjwa tunayempima: amegonga kichwa, pua inatoka damu, analia kwa maumivu. Kila kitu kinachoweza kuidanganya stripu kiko pale usoni kwake.

Hilo ni kosa la upande mmoja, na mtu anaweza kulivumilia akisema afadhali kushuku wengi. Tazameni upande wa pili. Mgonjwa aliyevuja kwa siku kadhaa, bakteria wakaingia, sasa ana homa ya uti wa mgongo. Nini hutokea kwa sukari ya maji ya ubongo katika homa ya bakteria? Inashuka. Sote tumejifunza hivyo, na tunaitumia kila tunaposoma majibu ya maji ya uti wa mgongo kutoka maabara. Maana yake, mgonjwa aliye hatarini kuliko wote, ambaye tundu lake limeshafanya madhara tunayoyaogopa, ndiye ambaye stripu inaweza kunyamaza kwake. Kipimo kinachomtisha mwenye mafua na kumtuliza daktari wa mwenye homa ya uti wa mgongo hakistahili kubaki kwenye trei ya wodi. Mimi nimeacha kukitumia kwa kazi hii, na nawasihi mkiache. Sukari ikipimwa maabara kwa kiasi, kwenye sampuli isiyo na damu, pamoja na sukari ya damu ya wakati huohuo, ina uzito kidogo. Hata hiyo ni ya kushuku tu.

Niruhusuni hesabu moja. Tuchukulie, kwa mfano tu, wagonjwa 100 wanaokuja na pua inayotoka majimaji, na kati yao 2 wanavuja kweli. Tuchukulie stripu inawakamata wote 2, yaani tuipe heshima kuliko inayostahili, na kwamba inageuka rangi kwa nusu ya 98 waliobaki. Tutakuwa na stripu 51 zilizogeuka rangi, na wanaovuja ni 2 ndani yake. Je, daktari atawapeleka wote 51 kwenye kipimo cha CT, ile picha ya eksirei inayoonyesha kichwa kipande kwa kipande? Hatawapeleka. Baada ya mwezi mmoja atazoea kuipuuza stripu, na siku atakapokuja yule wa kweli, ataipuuza pia. Kipimo kibaya kinatufundisha uzembe.

Sasa, mnaniuliza, kama si gozi na si stripu, kando ya kitanda tuna nini? Tuna mgonjwa mwenyewe, na hapa naomba tukae kidogo.

Muulize ni tundu gani la pua. Aleji na mafua hutoa maji pande zote mbili. Anayevuja mara nyingi huonyesha upande mmoja kwa kidole bila kufikiri. Muulize maji yakoje: mepesi kabisa, hayavutiki, hayakaushi kitambaa kikawa kigumu kama kamasi inavyofanya. Muulize ladha, kwa kuwa mengine hushuka kooni. Wengi husema ni ya chumvi au ya chuma. Muulize akiinama kufunga kamba za viatu inakuwaje. Muulize akiamka asubuhi na kuketi ghafla inakuwaje. Yule anayesema "nikiinuka tu yanamwagika mengi kwa mara moja, halafu yanakata" amekueleza kitu chenye thamani kuliko stripu kumi, kwa sababu maji yalikuwa yamejikusanya ndani ya sainasi wakati amelala.

Kisha, kama hali yake inaruhusu na shingo yake imeshathibitishwa kuwa salama, mketishe. Mwambie ainamishe kichwa mbele, kidevu kikielekea kifuani, abaki hivyo kwa dakika kadhaa, na wewe shika chupa ndogo safi chini ya pua. Msiharakishe. Tone la kwanza huchelewa, linaning'inia kwenye ncha ya pua, linaangaza. La pili hufuata upesi zaidi. Usilifute. Kila tone tunalolipangusa kwa gozi ili tuangalie duara ni tone tulilolinyima maabara.

Mgonjwa aliyelala chali anaweza kuvuja usiku kucha na mto ukabaki mkavu, kwa sababu anameza. Na anayevuja kutoka sikioni akiwa na ngoma ya sikio nzima hatatoa kitu sikioni. Maji yatapita kwenye mrija unaounganisha sikio la kati na koo, yatokee puani. Pua inatoa maji, ufa uko kwenye mfupa wa sikio. Nimewaona watu wenye uzoefu mkubwa wakilitafuta tundu upande usio wake kwa sababu hiyo.

Hata maelezo haya mazuri hayathibitishi. Yanachofanya ni kutupa sababu ya kutuma sampuli, na sampuli ndiyo inayojibu. Mwaka 1979 Meurman na wenzake kutoka Finland walionyesha kwamba inawezekana kuyatambua maji haya kwa protini inayoitwa beta-2 transferini. Transferini ya kawaida, ile inayobeba chuma, imejaa kwenye damu, kamasi na machozi. Ubongo una kimeng'enya kinachoondoa sukari maalumu kutoka kwenye protini hiyo, na umbo linalobaki hulikuti puani mwa mtu asiyevuja. Linapatikana kwenye maji ya ubongo, kwenye maji ya ndani ya jicho na ya sikio la ndani, karibu ni hapo tu. Mafua hayaliigizi, machozi hayaliigizi. Wanaoweza kulipotosha ni wachache, wakiwemo wenye ugonjwa sugu wa ini, wanaokunywa pombe kupita kiasi kwa muda mrefu, na watu waliozaliwa na umbo tofauti la transferini. Ndiyo maana maabara nyingi huomba na damu kidogo ya mgonjwa kwa ajili ya kulinganisha.

Kinachotakiwa ni mililita 1, na nusu yake inaweza kutosha. Chupa kavu, safi, isiyo na dawa yoyote ndani. Sampuli ikae kwenye friji hadi isafirishwe. Kama tone haliji leo, mgonjwa apewe chupa aende nayo nyumbani, akusanye asubuhi anapoinuka. Nafahamu kuwa si kila maabara inafanya kipimo hiki na kwamba majibu huchukua siku kadhaa. Kipo kingine cha protini iitwayo beta-tresi, ambacho kinaweza kutoa jibu ndani ya nusu saa, ila kwa mwenye figo zilizoshindwa au mwenye homa ya uti wa mgongo ya bakteria hakiaminiki. Baada ya hapo ndipo CT yenye vipande vyembamba vya milimita 1 au chini yake inapokuja kutuonyesha ufa uko wapi, na MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, pale tunaposhuku kwamba utando wa ubongo au ubongo wenyewe umeshuka kupitia tundu.

Mtakumbuka niliahidi kuwarudia wale wanaovuja bila ajali. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani waliripoti mwanamke wa miaka ya arobaini aliyeanza kutoka maji maangavu tundu moja la pua baada ya kupimwa COVID-19 kwa kijiti, akiwa na maumivu ya kichwa na kutapika. Watu wengi walikumbuka kijiti. Mimi nakumbuka sehemu nyingine ya taarifa: aliwahi kutibiwa shinikizo la ndani ya fuvu miaka ya nyuma, na picha ya CT ya mwaka 2017 ilikuwa tayari inaonyesha utando uliochomoza kupitia mfupa, ila ikasomwa kama ugonjwa wa sainasi. Kijiti kiligusa kitu kilichokuwepo siku zote. Na lililothibitisha kuwa ni maji ya ubongo ni jibu la beta-2 transferini.

Kabla jibu halijarudi, mtendeeni mgonjwa kama anayevuja. Kichwa cha kitanda kiinuliwe kama nyuzi 30. Asipenge kamasi, akipiga chafya apige mdomo ukiwa wazi, apewe cha kulainisha choo asije akajikamua. Pua isizibwe kwa pamba wala gozi, iacheni idondoke. Aliyeumia kichwa na anashukiwa kuvunjika kitako cha fuvu asipitishiwe mpira wowote puani, upitie mdomoni. Angalieni joto la mwili, shingo na fahamu zake kila zamu. Dawa za kuua bakteria za kumkinga tu asiye na maambukizi hazijathibitika kuzuia homa ya uti wa mgongo, kwa hiyo zisichukue nafasi ya kumwangalia. Chanjo ya pneumokoki izungumzwe mapema. Wengi waliovuja kutokana na ajali hukauka wenyewe ndani ya wiki moja hivi, na hilo ni jambo la kumwambia mgonjwa, maana anaogopa. Mwambieni pia kwamba pua ikikauka bado anatakiwa kurudi kliniki.

Nina ombi moja la mwisho, na ni la kwenye faili. Zamu yenu inayofuata, mkikuta mahali pameandikwa "duara lipo" au "stripu haijageuka", ongezeni mistari chini yake. Andikeni upande gani wa pua, rangi ya maji, yanakuja akiwa ameketi au akiinama, kiasi gani kimepatikana kwa dakika ngapi, sampuli imewekwa friji saa ngapi na imeondoka na nani kwenda maabara ipi. Daktari wa zamu ijayo atahitaji hayo ili aanzie mlipoishia. Sasa nipokee maswali, na wanafunzi waanze.